Tulivyosimama Kisimani Mbele ya Balozi

Kazi yangu ni kuandika mabango. Nilifundishwa na baba, aliyehamia Kitengela kutoka upande wa Nyeri zamani zile punda milia walipokuwa wakilisha mahali ambapo leo kuna maduka ya saruji. Ameandika bucha, makanisa na shule karibu zote za mtaa wetu, na aliponiachia brashi aliniachia pia sheria moja: neno kubwa ndilo litakalosomwa, hayo mengine ni mapambo. Sheria hiyo niliijua kwa mdomo tu mpaka mwaka ule jirani yangu alipoporwa serikali.

Jirani huyo ni mama mmoja, mwalimu wa hesabu katika shule ya binafsi. Tulikuwa wapangaji wa ploti moja, tukitumia kamba moja ya nguo na tangi moja la maji. Nchi yake sitaitaja, kwa sababu watu wake wengi bado wako huko na wanaotawala wana masikio marefu. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya aliomba ruhusa shuleni akasafiri hadi kwao kupiga kura. Alipanga foleni tangu alfajiri mpaka saa tisa mchana, akarudi na wino kidoleni. Kaka yake alikuwa msimamizi wa uchaguzi katika wilaya yao, na mwalimu alijivunia jambo hilo kuliko shahada yake mwenyewe.

Asubuhi moja ya Jumanne nilikuwa naanika nguo. Akasimama mlangoni kwake, simu mkononi.

"Wamemtoa," akasema.

Nilidhani ni mpangaji aliyefukuzwa kwa kuchelewesha kodi. Nikamuuliza ni nani aliyetolewa.

"Rais wetu."

Aliniambia akiwa amesimama vilevile, bila machozi. Wanajeshi walikuwa wameingia nyumbani kwa rais, wakamtoa na nguo za kulalia, wakampakia kwenye ndege. Ndege haikuwa ya nchi yao. Ilikuwa ya taifa moja kubwa la ng'ambo, ambalo makampuni yake yanachimba madini kwao na ambalo halikupenda bei mpya aliyotaka rais yule. Kabla ya chakula cha mchana taifa hilo lilikuwa limetangaza kwamba litafanya kazi na viongozi wapya. Siku mbili baadaye kaka yake alichukuliwa. Walikuwa wamemletea karatasi ya kukiri kwamba uchaguzi ulikuwa wa wizi, akakataa kutia sahihi.

Jumamosi alikuja kwenye kibanda changu kando ya barabara ya Namanga akiwa na mashuka mawili meupe aliyoyashona pamoja. Alitaka bango. Alikuwa ameshauliza kazini, wakamwambia jambo lililofanyika kwao kwa Kiswahili linaitwa mapinduzi. Basi nikaandika MAPINDUZI kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono, na chini yake kwa nyeusi ndogo: hatuyakubali. Tukalishika yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, hatua chache kutoka kibandani, kwenye mzunguko wa barabara ambapo malori ya mawe hupunguza mwendo.

Madereva walipiga honi na kutuonyesha dole gumba. Waendesha boda wakapunga mikono. Yeye akafurahi, akaniambia watu wa Kitengela wako na roho. Kisha akaja mchonga mawe mmoja, mtu mzima, vumbi la machimbo bado nyusini, akatushika mikono kwa heshima.

"Hongera, mama," akamwambia. "Mmewatoa hao wezi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kosa lilikuwa langu, si la mwalimu. Neno hilo tulifundishwa darasani kwa sifa, na ng'ambo ya bahari visiwani watu hulifanyia sikukuu. Sikuwahi kufikiri kwamba lugha yangu imetia wizi na ukombozi katika gunia moja. Mwalimu alipoelewa alikaa juu ya ndoo ya rangi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni:

"Mtu akiingia nyumba yako na bunduki, atoe baba yako, nyinyi mnasema aje?"

"Tunasema ametuvamia. Tunasema ametupora."

"Andika hiyo."

Tuligeuza shuka upande wa pili. Niliandika KURA YETU IMEPORWA, na chini yake, kwa herufi ambazo safari hii sikuzionea haya, RUDISHENI RAIS TULIYEMCHAGUA. Mchonga mawe alisimama akisoma neno kwa neno huku nikiandika. Nilipomaliza aliomba radhi, akasema hawezi kwenda zake baada ya kumpongeza mfiwa. Alishika katikati ya shuka, pale lilipokuwa linabonyea, akakaa nasi mpaka saa kumi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi tulisimama kwa muda wa saa mbili. Walikuja wananchi wenzake wawili kutoka Kware, kule Rongai, mmoja muuguzi, mwingine fundi wa friji. Mchonga mawe akaleta wenzake wa machimbo. Tulipeleka barua ya taarifa kituoni kama sheria inavyotaka, na afisa aliyeipokea aliuliza mara mbili kama kweli hatulalamikii serikali ya Kenya. Tulipomhakikishia alitia muhuri, akatuomba tusizibe barabara.

Upinzani niliupata kwetu wenyewe. Baada ya ibada, mama mmoja wa ushirika wa wanawake alinivuta kando. Alisema sisi tuna vijana wetu waliokwenda barabarani kuandamana wasirudi, tuna ushuru, tuna ukame. Nimewezaje kumaliza rangi kwa kilio cha watu wa mbali? Lilikuwa swali la haki na sikumkasirikia. Nilimjibu kwamba huyo wa mbali anateka maji kwenye tangi langu. Nikaongeza kwamba kama kura ya foleni ya saa tisa inaweza kufutwa na ndege moja, basi hata yangu ni ya kuazimwa tu. Hakuridhika. Lakini nami niligundua, nikisema hivyo, kwamba sina shaka hata chembe.

Halafu ikaja kazi. Mkandarasi mmoja ambaye nilikuwa nimemwandikia mabango kwa miaka mingi alifika kibandani akitaka bango la makaribisho. Kisima kipya kilikuwa kinafunguliwa upande wa Kajiado, na mgeni wa heshima alikuwa balozi wa nchi iliyokifadhili. Nikauliza balozi wa wapi. Alipotaja nchi nilifunika kopo la rangi. Lilikuwa taifa lilelile lenye ndege.

Nilimwomba siku mbili. Jioni nilimweleza mwalimu, nikitarajia aniambie nikatae. Yeye aliuliza ni nani watakaokunywa maji hayo. Nikasema wafugaji, akina mama hasa, ambao wakati wa kiangazi hutembea nusu siku na punda kutafuta mtungi mmoja. Akasema basi twende tuwaulize wenye maji.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama wa Kimaasai wa makamo, mrefu, shuka jekundu begani na miwani ya kusomea ikining'inia kifuani. Nilimwamkia, "Takwenya," akaitika, "Iko," akatuwekea viti nje na kumimina chai ya maziwa. Mwalimu alieleza kisa chake chote, mimi nikisaidia pale maneno yalipomwishia. Mama yule hakumkatiza. Mwishowe aliuliza jambo moja tu: huyo balozi mwenyewe ndiye alimtoa rais wao? Mwalimu akasema la, ni serikali yake iliyosaidia.

Ndipo akatuambia ya kwake. Yeye alichaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya kila mgombea, mchana kweupe, na mstari wake ulifika hadi kwenye boma la mbuzi. Mwaka uliofuata walikuja watu wa mjini na kamati nyingine iliyoandikwa kwenye karatasi, ambayo hakuna aliyeijua, ili mabomba yapitishwe hadi shamba la mkubwa mmoja. Akina mama waliketi juu ya mabomba siku tatu, wakipikia hapohapo, mpaka karatasi ile ikarudi ilikotoka.

"Niko na masharti," akasema. "Mgeni hatukanwi kwa maji yangu. Hakuna kelele. Mtasimama na sisi akina mama, na tukimaliza kuimba nitawaita. Maji tutapokea, lakini mdomo hatujauza."

Nikaandika mabango yote mawili. La makaribisho nililiandika vizuri kama kawaida yangu, kwa sababu lilikuwa la kisima. La pili nililiandika upya kwenye turubai, si kwenye mashuka, na kwa mara ya kwanza nilipima herufi kwa rula.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo wa Kajiado ulikuwa unainua vumbi mpaka kwenye viti vya wageni. Balozi alishuka garini, mtu mpole wa sura, akafungua bomba, na maji yakatoka kwanza kwa kukohoa, ya kahawia, kisha meupe. Siwezi kusema sikufurahi. Akina mama waliimba na mimi niliimba nao. Ng'ombe waliokuwa wamezuiwa nyuma ya hema walinusa maji wakaanza kusukumana. Mwenyekiti akasubiri wimbo uishe, akatoa shukrani zake kwa Kimaa na kwa Kiswahili, ndefu na za dhati. Halafu akasema yupo mama mmoja hapa, mgeni wa wageni, ambaye ana neno.

Tukakunjua turubai. Tulikuwa watu kumi na wanne pamoja na mchonga mawe, aliyekuwa amevaa koti la kanisani. Mkandarasi alikuja mbio akashika pembe ya turubai kutaka kulikunja. Mwenyekiti alimwambia maneno machache ya Kimaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, naye akaliachilia. Mpaka leo sijui alimwambia nini.

Balozi alimgeukia mkalimani wake akauliza tumeandika nini. Mkalimani, kijana aliyevaa suti nzuri, alisoma, akamwambia kwa Kiingereza kwamba tunaomba amani katika nchi ile.

Mwalimu alinitazama. Nami nilijua kwamba hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mwandishi wa bango ndiye shahidi wa bango. Niliingia mbele nikamwambia balozi kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba, kwa heshima, hayo siyo maneno yaliyoandikwa. Nikamsomea mstari wa kwanza na wa pili, nikionyesha kila neno kwa kidole. Kisha mwalimu akazungumza mwenyewe. Alieleza foleni, ndege, na kaka yake aliyefungwa kwa kukataa kutia sahihi uongo.

Balozi alisikiliza. Alijibu kwamba nchi ile haimo katika eneo lake la kazi, na kwamba serikali yake ilichotaka ni amani.

"Amani tulikuwa nayo," mwalimu akasema. "Tulikuwa na amani na rais. Sasa hatuna yoyote."

Kisha akampa balozi barua aliyokuwa ameiandika. Msaidizi wake alinyoosha mkono kuipokea, lakini balozi akaichukua mwenyewe akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Sherehe ikaendelea. Tulikula nyama pamoja na wengine.

Mkandarasi hakunipa kazi tena. Nilisikitika kwa wiki chache, kisha akina mama wa kisima wakaniagiza bango la duka lao la maziwa, na mchonga mawe akaniletea wateja wanaotaka majina yachongwe langoni, mimi nachora herufi naye anazichimba. Hatujakosa kazi.

Picha tuliyopigwa siku ile ilipita simu hadi simu mpaka ikavuka mipaka. Miezi minne baadaye kaka yake mwalimu aliachiliwa pamoja na wasimamizi wengine. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na mimi huwakataza watu kusema ni sisi. Yawezekana ni sisi, au ni wanasheria wa kwao, au gereza lilijaa. Rais bado yuko uhamishoni. Wanajeshi wametangaza uchaguzi mara mbili na mara mbili wameusogeza mbele. Nasi bado tunasimama, siku hizi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na kule Kimuka, hukuhuku Kajiado, pia kuna kikundi kilichoanza bila hata kutuuliza.

Wiki mbili baada ya kutoka, kaka yake alipiga simu na mwalimu akaifungulia sauti ili nami nisikie, yeye akitafsiri. Alisema wanajeshi wamemtaka arudi kazini awasimamie uchaguzi wao, amekataa, na sasa analima vitunguu. Asubuhi analima, alasiri anawafundisha majirani jinsi ya kukagua majina yao kwenye daftari la wapiga kura, nyumba kwa nyumba. Nilimuuliza kama haogopi kukamatwa tena.

Mwalimu alisikiliza jibu, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Anasema ameshafika nyumba ya arobaini," akaniambia. "Anasema kijiji chao kiko na nyumba mia mbili, kwa hivyo tusimpotezee wakati."

Tukamwacha aende zake.