Keziah wa Pili

Leona Stickney alifariki Januari, wiki ile mto ulipoganda mpaka watu wakauvuka kwa miguu. Huku New Hampshire, ardhi ikishikana hivyo, hakuna jembe liwezalo kuchimba kaburi. Maiti hulazwa katika chumba cha mawe nyuma ya kanisa, wakingoja udongo ulainike. Leona naye akalazwa humo, na binti yake Verna akarudi nyumbani na neno moja kifuani: mama alitaka kulala kilimani, kwenye makaburi ya akina Thurley, kwa watu wake.

Verna alikuwa na miaka sitini na sita. Thelathini kati ya hiyo aliendesha gari la mji la kusukuma theluji, mwanamke pekee katika kazi ile, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwa na hisia tena. Hakuzoea kubembeleza. Alimpigia simu Prescott Thurley, mwenyekiti wa chama cha ukoo, ambaye walisoma darasa moja.

"Pole sana kwa mama, Verna," Prescott akasema. "Lakini pale huzikwa uzao wa Obed tu. Ndivyo hati ya makaburi inavyosema."

"Na sisi ni nani? Sisi ni wa Keziah, binti yake."

"Keziah alikufa ana miaka miwili. Jiwe lake umelisugua mwenyewe kila kiangazi. Sasa niambie, mtoto wa miaka miwili huzaa?"

Obed Thurley ndiye aliyekata mti wa kwanza katika bonde hili, enzi za mfalme wa Uingereza. Kila Agosti uzao wake hukutana, hula maharagwe ya kuoka na pai, kila mtu na kibandiko kifuani chenye jina la mtoto wa Obed anayetokana naye. Chama hakikukubali kumchapia Leona kibandiko cha Keziah, basi akajiandikia mwenyewe kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. "Huyo anakuja," walimtania, "mjukuu wa kitoto!" Leona alicheka nao, akagawa pai yake. Akirudi nyumbani aliosha sahani moja muda mrefu, mgongo ameugeuzia mlango, na Verna mdogo alijua kwamba hapo haulizwi kitu.

Februari Verna alipanda kilimani, theluji ikimfika mapajani. Hakuwa na la kufanya kule ila kutazama mahali ambapo mama angelala. Kando ya ua wa akina Thurley kuna makaburi ya jirani zao wa zamani. Alipangusa theluji kwenye vijiwe vitatu vilivyopangana: Samuel, miezi minne. Samuel, mwaka mmoja. Samuel, siku tisa. Cha nne kilikuwa kikubwa: Samuel, miaka themanini na moja.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Watu wale hawakukubali jina liende na mtoto. Waliliokota kaburini, wakalikung'uta udongo, wakamvika mtoto aliyefuata.

"Kubahatisha si ushahidi," Prescott akamjibu kwenye simu, Verna alipomwambia kwamba huenda Obed naye alimpa binti mwingine jina la Keziah. "Kitabu cha mji kina Keziah mmoja tu. Kama kulikuwa na wa pili, mbona hakuandikwa?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kutoka kwa Keziah aliyeolewa mpaka kwa Leona karatasi zote zilikuwapo. Pengo lilikuwa hapo tu, kati ya baba na binti. Mwezi mzima wa Machi Verna alikaa maktaba akisoma mihtasari ya mikutano ya kale, miwani miwili imepandana juu ya pua. Siku moja akacheka kwa sauti hata msimamizi wa maktaba akainua kichwa.

Mwaka 1772 Obed alikaripiwa mbele ya mji. Wakati ule viti vya kanisani viligawiwa kwa hadhi, na yeye, aliyewatangulia wote kufika, alipangiwa kiti nyuma ya ngazi. Katikati ya sala alisimama, akamshika mkewe Ruth mkono, akatoka na watoto wake, akaapa hatakanyaga tena humo.

"Huyu kweli ni babu yetu," Verna akasema.

Na aliyeandika watoto wa mji ni mchungaji wa kanisa hilohilo. Basi mtu mwenye mke, watoto na hasira kama ile angembatizishia wapi mtoto anayefuata? Verna hakumaliza kujiuliza. Aliwasha pikapu akavuka daraja.

Kanisa la ng'ambo lilitunzwa na bibi mmoja aitwaye Dottie Wheelock, mfupi, mwenye sweta mbili.

"Kitabu hicho? Mwanangu, hata panya wamekichoka," Dottie akasema, akiwa amejipenyeza kabatini nusu mwili. "Unatafuta mtakatifu?"

"Natafuta mkorofi."

"Ah, hao tunao wengi."

Walikifungua juu ya meza ya chai. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu. Dottie ndiye aliyeliona, akaelekeza kidole bila kugusa karatasi: Mei 1773, Keziah, wa pili wa jina hilo, binti wa Obed Thurley wa ng'ambo ya mto, na Ruth mkewe.

Dottie alimsogezea Verna kikombe, kisha yeye mwenyewe akatazama dirishani, kwa heshima. Hilo neno, wa pili. Ruth, mama aliyezika mtoto, alilitaja kwa sauti mbele ya maji ya ubatizo, mchungaji akaliandika.

Prescott alipopelekewa nakala alijibu kwamba kamati ya chama itaketi Agosti.

"Ardhi imelainika sasa hivi," Verna akamwambia. "Na hati haisemi kamati. Inasema uzao. Alhamisi, saa nne asubuhi, ninamzika mama yangu."

"Nitafunga geti, Verna."

"Funga."

Alhamisi ile barabara ya kilimani ilikuwa uji mtupu wa tope, kama kila Aprili. Verna alitangulia na pikapu, gari la maiti likifuata nyuma yake. Getini walimkuta Prescott. Alikuwa ameegesha gari lake kuziba njia, na gari lilikuwa limezama mpaka kwenye mlango. Yeye mwenyewe amesimama kando, suti nyeusi, tope magotini.

"Nilikuja kukuzuia," akasema.

"Naona umezuiwa wewe."

"Kamati, Verna..."

"Prescott, mama yangu amelala kwenye mawe tangu Januari. Miaka sitini mlimwita mjukuu wa kitoto, naye akawalisha pai. Leo hangoji mtu. Shika usukani, weka gia huru, na ufunge mdomo."

Verna alijilaza topeni na nguo yake ya msiba, akafunga mnyororo kwenye chuma cha nyuma cha gari, akarudi kwenye pikapu, akavuta taratibu. Gari la Prescott lilitoka likifyonza, likavutwa hadi pembeni ya ukuta. Njia ikawa wazi. Mchimba kaburi, aliyekuwa akitazama toka juu, akavua kofia.

Gari la maiti likapita. Verna akalifuata kwa miguu, mikono ikichuruzika tope, bila kugeuka nyuma. Kisha akasikia hatua za mtu mwingine zikipanda nyuma yake, viatu vikinasa na kunasuka. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.