Siku Wazazi Waliposhangilia Shairi la Msiba

Mnaniuliza kwa nini sikubali kusoma shairi mbele ya watu, hata kanisani nikiombwa, basi leo nitasema, na mwenye kucheka acheke mapema amalize, kwa sababu aibu ile niliitafuta mwenyewe na sina wa kumlaumu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule moja ya harambee nje kidogo ya mji wa Nyeri, shule iliyojengwa kwa mawe na mbao za wazazi, kwa hiyo mwalimu aliajiriwa na kamati ya wazazi na kamati hiyo hiyo ingeweza kumwondoa kabla ya chai ya saa nne. Mwenyekiti wake, Mzee Karanja, mkulima wa kahawa, aliniambia waziwazi: "Mwalimu, siku ya wazazi utuonyeshe hiyo kitu yako. Tukiona haina maana, tutafunga." Inspekta wa elimu naye alialikwa aje atoe maoni. Mimi niliyapenda sana mashairi yale ya Waingereza wa zamani, wale wa kulilia milima na maua (nilikuwa kijana, nililia nao), na niliogopa kunyang'anywa somo langu.

Nikachagua mawili yanayopingana. Moja la huzuni, mtu anatembea mvuani siku mpenzi wake anapozikwa, na la pili la furaha, mtu huyo huyo anacheza juani. Mwanafunzi wangu bora, Muthoni, angeeleza kila moja limemgusaje moyoni, na sikumfundisha jibu, nilitaka hisia zake mwenyewe (nilijiona mwalimu wa kisasa).

Nilianza kwa Kiingereza, wazazi wakanitazama kama watu wanaongoja daktari atoke. Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo: nitafsiri kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ili na wao waguswe. Nilichosahau ni kwamba mvua ya masika ilikuwa imetukataa, mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti na ng'ombe walikuwa wanalishwa migomba.

Nikasema kwa sauti ya kilio, "Mvua inanyesha tangu asubuhi." Mama mmoja akauliza, "Ngai, Mungu wangu, ni wapi huko?" Nikaendelea: inanyesha usiku, inanyesha mchana, mito imejaa mpaka kingo. Nyuma zikaanza ngemi, vile vigelegele ambavyo akina mama wa kwetu hupiga mtoto akizaliwa, na nilipofika mahali mpenzi anafukiwa kwenye udongo uliolowa, ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

"Huo udongo umelowa mpaka chini?" Mzee Karanja akauliza.

Nikasema ndiyo (ningesema nini?), na ngemi zikazidi.

Inspekta akagonga meza, akamuuliza Muthoni shairi limemfanya ajisikie vipi.

"Nimefurahi, sir."

"Na huyo msichana amekufa?"

Muthoni akafikiri. "Hiyo ni mbaya. Lakini maji imepatikana."

Mwenye akili angeketi. Mimi nikaona nitaokolewa na shairi la furaha, nikalianza huku nikitabasamu, mikono juu: jua linawaka, mbingu haina wingu hata moja, wiki nzima halijaanguka tone, na moyo wangu unacheza. Nikacheza kidogo pia, ili waelewe. Watu wakaketi, mama mmoja akajifuta machozi kwa leso, na mwingine akamuuliza jirani yake, bila kupunguza sauti, "Ati huyu anafurahia nini?" Pasta wa kijiji, aliyealikwa kufungua siku kwa sala, akasimama, akatuambia tuiname tuombe mvua, tukaomba, na katikati ya maombi akanitaja: Mungu amsamehe huyu kijana, hana shamba. Nikaitikia amina nikiwa bado na lile tabasamu, maana sikujua niliweke wapi.

Inspekta aliondoka kabla ya chakula. Kamati ikajifungia ofisini, nami nikasimama nje nikijua kwamba kile nilichokipenda kuliko vyote nimekiua kwa mdomo wangu, na niliumia, sitawaficha.

Mzee Karanja akatoka. "Kijana, hatukufukuzi. Ile ya kwanza ilikuwa mzuri, hata bibi yangu imemguza. Lakini hiyo ya pili imetuonyesha wewe hujui jua ni nini." Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba fasihi imefungwa, na kuanzia Jumatatu nitafundisha kilimo mpaka nijue.

Nilifundisha kilimo mpaka nikastaafu. Mashairi bado ninayo, nayasoma peke yangu, lakini lile la jua, naapa, siligusi kabla sijatoka nje kutazama mawingu.