Kifuniko cha Dawa ya Meno

Fundi wa redio waliyemwita Masikio hakuwa na masikio makubwa. Alikuwa na masikio mazuri. Ukimpelekea spika mbovu, alifumba macho akaisikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Kasoro yake ilikuwa moja: kitufe cha sauti kikipotea, hakununua kingine. Alipachika kifuniko cha dawa ya meno. Dada yake mkubwa, aliyekodisha viti vya sherehe, alimtania kwa hilo miaka nenda rudi.

"Unatengeneza redio au unazipigisha mswaki?"

Asubuhi moja dada aliingia karakana ameishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa ameona mtandaoni amplifaya iliyotumika, bei ya kutupa. Wateja walikuwa wakichukua viti kwake na muziki kwa mshindani wake, na siku hizi hata viti walivichukua hukohuko. Akiba yake yote ilikuwa ndani ya simu ile, na muuzaji alitaka atumiwe nusu kabla ya saa sita.

"Wewe niambie tu ni nzuri, nibonyeze."

Masikio akavaa miwani. Akatazama picha, akageuka kutazama rafu, akarudi kwenye picha.

"Dada, hiki cha buluu ni nini?"

"Si kitufe cha sauti?"

"Hebu kitazame vizuri."

Dada akakitazama, kisha naye akageukia rafu. Amplifaya ilikuwa pale, na mkwaruzo uleule ubavuni, na kifuniko kilekile cha buluu. Ilikuwa ya nesi mstaafu wa mtaa wa pili, aliyeirudisha iangaliwe tena baada ya kuitangaza mtandaoni bila kupata mnunuzi. Mtu alikuwa ameichota picha yake na kujifanya mwenye mali.

"Labda ziko mbili," dada alisema, sauti ikitafuta pa kushika.

"Na zote mbili zimepigishwa mswaki na mimi?"

Kidole cha dada kilikuwa bado juu ya simu. Tumaini haling'oki kwa mzaha mmoja.

"Basi mwambie aipige picha sasa hivi, kijiko kikiwa juu yake."

Muuzaji alijibu kwamba kamera ina ukungu. Halafu kwamba nyumbani kwake hakuna kijiko. Mwishowe picha ikaja: ileile ya nesi, na kijiko kilichobandikwa juu, kirefu kuliko amplifaya, kikielea hewani kama kasia.

Walicheka mpaka muuza vioo wa jirani akachungulia. Lakini dada aliendelea kufuta macho hata kicheko kilipokwisha.

"Nilikuwa nimebakiza kidole tu, mdogo wangu."

Masikio akamwita nesi. Safari hii dada alivuta kigoda, akaisikiliza amplifaya saa nzima, sauti chini, sauti juu, mkono juu ya bati aone kama inachemka. Hapo ndipo alipoanza kubembeleza bei.

"Na hicho kifuniko chako, mama, kinaishushia hadhi."

"Kifuniko?" nesi akashangaa. "Mwanangu, kwa kisa nilichosikia, ningekiuza peke yake!"

Dada akalipa, mkono kwa mkono. Masikio, aibu imemshika, akajikuna kisogo.

"Dada, kwenye sherehe za watu haitapendeza. Nitakununulia kitufe halisi."

"Ukikigusa tu," dada alisema, akiikumbatia amplifaya, "utanitambua."