SAFALI NJEMA kwenye teksi ya bati

Jamani, leo nimeshukuriwa mbele ya darasa zima, nikatamani kujificha chini ya dawati.

Jana mimi na Nambozo, mwanafunzi mwenzangu, tulitengeneza stika za teksi zetu za bati za kuchezea: karatasi, kalamu za rangi, selotepu juu. Moja tu ingechaguliwa kwenda maonyesho ya Mbale.

Nambozo akaniuliza, "Dada, nimeandika sawa?"

Aliandika SAFALI NJEMA. Kwa L!

Lakini rangi zake zilipendeza kuliko zangu. (Ndiyo, niliona wivu.)

Nikajibu, "Sawa kabisa."

Leo mwalimu ameisoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Hii ndiyo teksi ya kwetu hasa, huandikwa na makosa hivi hivi! Itakwenda Mbale."

Nambozo akanikumbatia. "Asante, dada. Ungesema nimekosea, ningeibandua."

Niambieni, nimweleze ukweli? Wivu wenyewe bado ninao.