Mshipa Uliokataa Kufa

Mimi niliacha shule darasa la nne, nikaanza na mkokoteni, na leo nina lori tatu hapa Nakuru. Nilidhani hakuna kitu duniani kinaweza kunishtua.

Halafu figo zikachoka. Daktari akanipitisha mpira shingoni, ushuke hadi karibu na moyo, ndio nisafishwe damu na mashine. Nikapigwa picha. Akaitazama, akaita wenzake wawili. Nikamsikia akinong'ona, "Uko kushoto. Ulifaa kufa kabla azaliwe, na bado uko hai."

Nywele zilinisimama. Mama alizaa mapacha. Mwenzangu alizikwa Subukia bila jina. Kumbe hakuenda mbali, moyo wake ulibaki ndani yangu! Tangu hapo kila nikilalia kushoto nilisikia moyo wa pili ukigonga, polepole kuliko wangu.

Nikakataa mashine siku mbili. Nikampigia ndugu yangu Kamau: "Chinja kondoo kwa kaburi, umwambie anitoke."

Siku ya tatu uso umevimba, daktari ananisihi, Kamau akaingia wodini akipaza sauti: "Brathe, kondoo tumechinja! Pacha amekubali kutoka!"

Daktari akanigeukia taratibu. "Mzee, kumbe ulitusikia siku ile ya picha? Tulikuwa tunaongea juu ya mshipa. Kila mtoto huwa nao kushoto akiwa tumboni, kisha hukauka. Wako haukukauka. Mpira umeingia humo, na unafanya kazi vizuri."

"Boss," akauliza mgonjwa wa kitanda cha pili, "nyama ilibaki?"

Wodi ikaangua kicheko, na ule moyo wa pili ukanyamaza papo hapo. Kondoo na nauli ya Kamau: shilingi elfu kumi na tatu, mia nne hamsini.