Maganda Yenye Masizi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu msimu wa mpunga ilikuwa kuamia, yaani kuwafukuza ndege shambani. Bibi alinipandisha juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya konde, akanipa kombeo na kikapu cha mabonge ya udongo, na huko juu nilishinda mpaka jioni. Ilikuwa Pemba, miaka michache kabla ya Mapinduzi, katika bonde ambalo mto wake ni mwembamba mpaka unapokaribia mikoko. Hapo hutanuka, ukawa kinamasi cha matete.

Ndani ya kinamasi kile alikuwamo mnyama. Wakubwa walimwita Mwenye Bonde, wala hawakuongeza neno. Waliomwona walikubaliana mambo mawili: ana mwili kama wa kenge, na kichwani ana kilemba chekundu kama cha jogoo. Kuhusu urefu walibishana, kwa kuwa kila mtu alimpima kwa hofu yake.

Mpunga ulipoanza kutoa mashuke, kila nyumba ilitoa yai moja la kuku kwa ajili ya Mwenye Bonde ili asipite makondeni akaulaza. Yai lilichorwa alama ya nyumba kwa masizi ya chungu, ijulikane nani ametoa na nani amekwepa. Alama yetu ilikuwa mistari miwili. Aliyeyapeleka mayai ni Bi Mize, mjane asiye na mtoto, mwenye konde lililopakana na kinamasi. Wengine waliogopa kufika pale. Yeye alitumwa, akaenda. Kina mama walimtania, "Bi Mize, mumeo hajambo?" Naye hujibu, "Hajambo, ila anasema yai lako lilikuwa viza."

Mwaka ule nilimwona mnyama mwenyewe. Jua lilikuwa la utosi. Bi Mize aliyapanga mayai juu ya jiwe, akasoma alichosoma, akaondoka bila ya kugeuka nyuma. Alikuwa amekwisha kupotelea kwenye njia ya migombani ndipo matete yakaachana. Kilitoka kichwa, kisha shingo ndefu ambayo si ya kenge yeyote ninayemjua, kisha mwili mweusi unaong'aa kwa tope. Kilemba kilikuwepo, chekundu. Aliyavunja mayai moja moja, bila haraka, kama mtu anayemenya machungwa, akayalamba, akarudi majini. Kombeo lilikuwa mkononi mwangu. Sikulikumbuka.

Jioni nilimweleza Bibi. Hakunikemea wala hakucheka.

"Umeona kimoja, mjukuu wangu," alisema. "Watakuja watu watake uwape viwili. Usiwape."

Sikumwelewa. Asubuhi nilikuwa nimeshawasimulia wenzangu wote wa chuo cha Kurani, msahafu ungali haujafunguliwa.

Mwezi uleule bata wa Sheha, mkuu wa kijiji chetu, wakaanza kupotea. Alipopotea wa sita, Sheha aliwaita watu uwanjani kwake baada ya sala ya Ijumaa. Bi Mize aliketishwa mkekani peke yake. Mbele ya Sheha palikuwa na bakuli la maganda ya mayai yaliyookotwa jiweni. Alisema kwamba mwanamke huyu anafuga. Kwetu hilo ni neno zito: ni kusema kwamba mtu analea kitu cha kuwadhuru wenziwe. Na kina mama waliokuwa wakimtania kuhusu mumewe, siku ile hakuna aliyecheka.

Sheha akaniita. "Abee," nikaitika. Sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Wewe ulikuwa juu ya dungu. Bi Mize aliweka mayai?"

"Ndiyo."

"Na mnyama akaja akayala?"

"Ndiyo."

"Basi ulimwona Bi Mize akimlisha."

Majibu mawili ya kweli yalikwisha kunitoka, na la tatu likafuata, kama ng'ombe anavyowafuata wenziwe waliotangulia kuingia zizini. Nikasema ndiyo. Sikusema kwamba Bi Mize alikuwa ameshaondoka, wala kwamba alitumwa. Hakuna aliyeniuliza hayo.

Nilikuwa nimesimama karibu na bakuli. Ganda la juu lilikuwa na mistari miwili ya masizi. Chini yake palikuwa na nukta tatu za nyumba ya jirani yetu, na pembeni, wazi kabisa, duara. Duara ilikuwa alama ya nyumba ya Sheha mwenyewe. Nilimgeukia Bibi nikingoja aseme. Bibi alikuwa akitazama miguu yake. Watu wote uwanjani walikuwa wakitazama chini.

Bi Mize alisema neno moja tu: "Jamani, si nyinyi mlionituma?"

Alinyang'anywa konde mpunga ukiwa umebakisha siku chache kuiva, ukavunwa na mke wa Sheha. Yeye akaenda kwa nduguze katika kijiji cha Vitongoji, kwenye ardhi ya mawe. Bata waliendelea kupotea. Mwaka uliofuata nyumba zilitoa mayai tena, yakakosa wa kuyapeleka, yakakaa kikapuni kwa Sheha mpaka yakawa viza.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa kusomesha Vitongoji. Nilimkuta Bi Mize akichimba muhogo baina ya mawe. Nilimwamkia, nikajitaja, nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba radhi. Alichimba shina zima kabla ya kusema.

"Wewe ulikuwa mtoto. Umeulizwa, ukajibu. Bibi yako alikuwa mtu mzima, na ile mistari aliichora kwa mkono wake."

Hilo liliniuma kuliko kama angenilaani. Bibi ndiye aliyenilea, na wakati huo alikuwa ameshafariki. Radhi, Bi Mize hakuitamka. Alinipa mihogo miwili, nikaipokea.

Nimesomesha watoto muda mrefu. Kila nilipoletewa mtoto nikaambiwa kuwa ameona jambo, nilimuuliza nini kimetokea, kisha nikanyamaza, hata kengele ikilia. Sikumtilia jibu ndani ya swali. Labda wako waliosalimika kwa hilo. Bi Mize hakurudishiwa konde lake.

Wajukuu zangu huniuliza kama mnyama yule alikuwepo kweli. Nawaambia nilimwona, na bado naamini nilimwona. Alikula alicholetewa, akaenda zake. Bibi alinionya nisiwape watu viwili nami nimeona kimoja, na onyo lake likatimia. Lakini na yeye alikuwa na kimoja chake cha kusema, akakimeza. Nampenda na namwombea dua kila siku. Hata hivyo, nikivunja yai jikoni, siwezi kulitupa ganda mpaka nimeligeuza nikalitazama upande wa pili.