Kinyozi Aitwaye Masumbuko

Niambie ukweli: ungemkabidhi kichwa chako kinyozi aitwaye Masumbuko, tena ana wembe mkononi? Hilo ndilo lililomkosesha raha jirani yangu alipofungua saluni yake, na mimi nililijua lote, kwa sababu kati ya cherehani yangu na kiti chake kuna ukuta wa mbao tu, na mbao hazitunzi siri.

Mtaani aliitwa Suma. Jina hilo alilipata shuleni baada ya kupitia mengine mabaya. Walianza na Sumbua, mwalimu akicheka pamoja nao, kisha wakaja na Buko, lililomfanya apigane na nusu ya darasa. Suma ndilo lililomkaa. Kwa jina hilo alinyoa miaka mingi kwenye saluni ya mtu mwingine, na alipohamia hapa wateja walimfuata hata kabla hajatundika pazia.

Lakini nyumbani kwao hakukuwa na mtu aitwaye Suma. Baba yake, dereva wa lori mstaafu mwenye maneno machache na sauti nene, alimpa jina la marehemu babu yake na hakutaka herufi hata moja idondoke. Siku moja shemeji yake alijisahau akasema "Suma" mezani. Mzee akaweka kijiko chini. "Jina la baba yangu halikatwi kama kucha," akasema, na chakula kikawapoa wote. Hata akipiga simu, sauti yake ilivuja nje ya simu: "Masumbuko!" Kijana wa watu alikuwa akitoka mbio na kwenda kuitikia huko nyuma ya choo, kwa kunong'ona, wateja wasimsikie.

Sasa mchora mabango alikuwa ameshapanda ngazi. KINYOZI alishaliandika kwa rangi nyekundu safi, na brashi yake ilikuwa hewani ikisubiri jina. Na mzee alikuwa njiani. Miaka yote aliuona unyozi kuwa kazi ya kupitishia muda, na hii ndiyo mara ya kwanza alikubali kuja kumwona mwanawe akiifanya.

Basi kila mpita njia akawa na la kusema.

"Andika Masumbuko, bwana," alisema muuza mkaa. "Chema chajiuza."

Muuguzi mmoja aliyekuja kwangu kuchukua sare yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Mume wangu akirudi na mkato shingoni nimwonee huruma kweli? Si kayafuata masumbuko mwenyewe kwa miguu yake!"

Mchora mabango alipendekeza Masu, maana ni fupi na rangi ilikuwa inaelekea kuisha.

"Masu!" nikapaza sauti kupitia mbao. "Huyo ni kinyozi au paka?"

Mwenyewe hakucheka. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, kitambaa cha kunyolea begani, kijasho chembamba kikimtoka.

"Dada, nikiandika Suma, baba ataona nimemkataa yeye na babu. Atageuza hapohapo barabarani. Na akigeuza leo, harudi tena."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Mzee akafika. Alisimama chini ya ngazi, akasoma, akasubiri kama mtu anayedhani maneno mengine yanakuja.

"Kinyozi nani?"

Mchora mabango akajifanya anakoroga rangi. Jirani yangu akaanza kukunja upya kitambaa chake. Mimi na kimya hatupatani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwanao anakuogopa. Wateja wake wanamwita Suma."

Nilipolisema tu nikatamani kulirudisha. Mzee alimtazama mwanawe, akatazama lile bango, kisha akavua kofia, akaingia ndani na kukaa kitini.

"Ninyoe," akasema.

Nikarudi kwenye cherehani yangu, roho mkononi. Mashine ya kunyolea ikaanza kunguruma. 

"Babu yako," mzee akaanza, "kazini kwake, kwa wabeba magogo, walimwita Raha."

Mashine ikazimwa. "Nani? Babu?"

"Ulidhani nani angekubali kubeba gogo na mtu aitwaye Masumbuko? Walisema litawaangukia. Wakamwita Raha mpaka akastaafu."

"Sasa mbona mimi, baba, hata Suma..."

 Mzee alipojibu, ile sauti nene ilikuwa imepungua.

"Mama yangu peke yake ndiye aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa akisimama uani analiita lote, mpaka mwisho, na sisi tunajua baba yupo na nyumba imetimia. Wameondoka wote wawili. Nikikuita wewe, ni kama namsikia mama."

"Sikujua, baba."

"Ungejuaje? Sikukwambia. Huko nje na wakuite watakavyo, ni riziki yako. Mimi niachie langu."

Nilishusha pumzi kama aliyesamehewa ni mimi. Nje, mchora mabango, ambaye kumbe naye alikuwa ametega sikio, hakungoja kuambiwa. Alishaipaka S na alikuwa katikati ya U.

Mashine ikanguruma tena. Mlango ulikuwa wazi na benchi la nje limejaa wateja.

"Masumbuko!" mzee akaunguruma. "Angalia sikio langu hilo!"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikasubiri kusikia ule mnong'ono wake wa nyuma ya choo.

"Naam, baba!" akaitikia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza mkaa.